Damu chooni: je, ni bawasiri kweli?

SWALI: Nina miaka 47, naishi Jinja, na ninatumia ARV. Tangu Pasaka natokwa na damu nikienda haja kubwa, na kando ya tundu pana uvimbe mgumu unaowasha. Duka la dawa wamenipa krimu ya bawasiri mara tatu, haikusaidia. Jirani anasema ni saratani, nitakatwa na kuvaa mfuko wa choo maisha yote. Nifanye nini?

JIBU: Dada, achana na krimu, nenda hospitali wiki hii. Mara nyingi damu hiyo ni bawasiri kweli, ila uvimbe mgumu usioondoka haupimwi dukani.

Utalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kifuani. Daktari ataingiza kidole chenye glovu na jeli, kisha mrija mfupi wenye taa, na atapapasa kinena kutafuta mitoki. Akitilia shaka, atakata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Bila kinyama hicho, si jirani wala daktari awezaye kusema ni saratani.

ARV ulizotaja zina maana hapa. Takriban saratani tisa kati ya kumi za njia ya haja kubwa huletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 16, hivyo hivyo vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. VVU vikidhoofisha kinga, mwili hushindwa kuifukuza HPV. Sigara nayo huongeza hatari. HPV huambukizwa kwa ngozi kugusana, hata kwa asiyewahi kuingiliwa nyuma, kwa hiyo usikubali mtu akuaibishe. Omba upimwe na mlango wa kizazi pia.

Kuhusu mfuko: saratani ya kawaida ya hapo, ikiwa haijasambaa, haianzi kutibiwa kwa kisu. Hutibiwa kwa mionzi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 5 hadi 6, pamoja na dawa za mshipani, kwa kawaida mitomaisini na fluorourasili. Mionzi hutolewa Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago. Tafuta mapema pa kulala Kampala, maana kuikatiza katikati hupunguza nafasi ya kupona. Kuanzia wiki ya 2 au ya 3 ngozi huungua na kuchubuka: kalia beseni la maji ya vuguvugu dakika 10 hadi 15, jikaushe bila kusugua, usipake kitu bila kuuliza. ARV usiache hata siku moja.

Uvimbe huyeyuka polepole, pengine hadi miezi 6 tangu matibabu yaanze, kwa hiyo usishtuke ukiupapasa bado upo. Upasuaji wa mfuko wa kudumu huachiwa wale ambao saratani yao haikuisha au imerudi.