Kutoka Temeke hadi pori la akiba: jibu kwa anayetaka kuwa askari wa wanyamapori

Mdogo wangu, umeuliza kama kijana wa Temeke aliyemaliza kidato cha nne anaweza kuwa askari wa wanyamapori, ilhali mama yako anahofia majangili. Unaweza, na hofu ya mama ina msingi: eneo la Pori la Akiba la Selous, kusini mwa Tanzania, lilikuwa na tembo takriban 110,000 mwaka 1976, lakini kufikia mwaka 2013 walibaki kama 13,000, hasa kwa sababu ya ujangili wa pembe.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutembea. Kikosi cha doria hulala porini siku kadhaa, kikikagua polepole vijia vya wanyama vinavyoelekea mtoni, kwa kuwa huko ndiko waya hufungwa kwenye shina la mti na kitanzi kuachwa wazi usawa wa shingo ya swala. Mtego huo haubagui. Humnasa hata simba au mtoto wa tembo. Ndiyo maana naiheshimu mno kazi ya kuutegua.

Anza na Chuo cha Taaluma za Wanyamapori Pasiansi, Mwanza, kinachofundisha askari. Chuo cha wanyamapori cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, huelekea zaidi kwenye usimamizi. Mapori ya akiba yako chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) na hifadhi za taifa chini ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania), hivyo fuatilia matangazo ya pande zote mbili, wala usimpe fedha mtu anayedai kukuuzia nafasi. Mazoezi ya kutembea juani ukiwa na mzigo mgongoni, tafadhali, yaanze sasa.