Maneno ni ya Pericles au ya Thucydides?

Swali: Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu demokrasia ya Athens. Nimemnukuu Pericles, kiongozi wa Athens, kutoka ile hotuba ya mazishi ya askari iliyomo katika historia ya vita vya Athens na Sparta aliyoiandika Thucydides. Msimamizi amenirudishia sura akisema hayo si maneno ya Pericles. Ni ya nani basi, na niyanukuu vipi?

Jibu: Msimamizi wako yuko sahihi, na Thucydides mwenyewe ni shahidi wake. Fungua kitabu cha kwanza, sura ya 22. Anakiri kwamba ilikuwa vigumu kukumbuka neno kwa neno yaliyosemwa, yawe aliyoyasikia mwenyewe au aliyosimuliwa. Kwa hiyo kila msemaji amempa maneno aliyoona yanafaa kwa tukio lile, huku akishikamana kadiri ilivyowezekana na maana ya jumla ya yaliyosemwa kweli. Soma hapo polepole. "Yanayofaa" ni kazi ya mwandishi. "Yaliyosemwa kweli" ni kazi ya shahidi. Wasomi wamebishana miaka mingi kipi kina uzito zaidi. Mimi naona inategemea hotuba.

Hotuba yako (2.35–46, yaani kitabu cha pili, sura ya 35 hadi 46) ilitolewa hadharani, majira ya baridi ya 431/430 KK. Wasomaji wengi wa kwanza wa Thucydides walikuwa na wazee waliokuwepo pale, hivyo kupotosha kiini chake kungejulikana. Sasa nenda Melos, kisiwa ambacho Athens ilitaka kisalimu amri, 416 KK (5.85–113). Wajumbe wa Athens wanajibizana faraghani na viongozi wachache wa kisiwa, kauli kwa kauli kama mchezo wa kuigiza. Thucydides wakati huo yuko uhamishoni, adhabu ya kuupoteza mji wa Amphipolis akiwa kamanda wa Athens mwaka 424 KK. Kisiwa kiliposalimu amri, wanaume wazima waliokamatwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Kwa upande wa Melos, nani alibaki wa kumsimulia? Mazungumzo yale mimi siyanukuu kamwe kama maneno ya wajumbe.

Mtindo huu wa kuwapa wasemaji maneno ulirithiwa na wanahistoria wa Kigiriki na Kirumi kwa karne nyingi, na si wote waliojizuia kama yeye. Mwanahistoria Polybius alimshutumu vikali mwenzake Timaeus kwa kubuni hotuba. Lakini kauli ambayo wachambuzi wa leo huirudia sana wanapozungumzia ushindani wa Marekani na China, kwamba kukua kwa nguvu za Athens na hofu ya Sparta ndiko kulikoleta vita (1.23), haimo ndani ya hotuba. Hiyo ni sauti yake mwenyewe, inukuu kwa jina lake bila wasiwasi.

Kwako wewe, andika "Pericles, kwa mujibu wa Thucydides (2.37)". Tumia namba ya kitabu na sura, si ukurasa, maana kurasa hubadilika toleo kwa toleo. Kisha rudi kwenye hiyo 2.37, pale utawala wa Athens unapoitwa demokrasia. Kama hoja yako inaegemea wazo lililomo, iache ilivyo. Kama inaegemea neno lenyewe, kwamba Pericles ndiye aliyelichagua siku ile, iandike upya.