Kwa mnaoanza kuandika wasifu wa Parnell

Rasimu za kundi jipya nimezimaliza jana, nikaona niwaandikie wote kwa pamoja kabla hamjakaa kuandika upya. Wadogo zangu, kazi mmefanya, naiona. Lakini makosa ni yale yale ya waliowatangulia, na Charles Stewart Parnell, kiongozi wa chama cha wabunge wa Ayalandi waliodai utawala wa ndani, yaani Ayalandi ijiamulie mambo yake, katika Bunge la London, ni mtu anayeharibika vibaya akiandikwa kwa mazoea. Someni mpaka mwisho ndipo mfungue faili zenu.

1. Parnell hakuwa Lord. Futeni kila mlipoandika hivyo. Alikuwa mwana wa ukoo wa Kiprotestanti wenye mashamba, aliyezaliwa Avondale, Wicklow, tarehe 27 Juni 1846. Baba wa babu yake, Sir John Parnell, alikuwa waziri wa fedha wa Ayalandi na alipinga Muungano na Uingereza wa 1800. Mama yake, Delia, alikuwa Mmarekani, binti wa Charles Stewart, afisa wa jeshi la majini aliyepigana na Waingereza katika vita vya 1812. Haya msiyaweke kama mapambo ya ukurasa wa kwanza. Huyu ni bwana shamba mwenye wapangaji wake, akiwaongoza wapangaji wa wenzake kudai kodi ipunguzwe. Wala msiandike kwamba “alilisaliti tabaka lake”. Alibaki bwana shamba, na muda wote alitamani watu wa tabaka lake waingie upande wa utawala wa ndani.

2. Mwanzilishi wa Land League, umoja wa kutetea wapangaji wa mashamba, Oktoba 1879, ni Michael Davitt. Parnell alikuwa rais wake. Davitt alikuwa mtoto wa familia iliyofurushwa shambani kule Mayo, akakatika mkono wa kulia kiwandani akiwa mtoto, akafungwa miaka saba. Ukimfuta Davitt, huwezi kueleza bwana shamba alipataje umati.

3. Ennis na Boycott ni mambo mawili. Hotuba ya Parnell mjini Ennis ya 19 Septemba 1880 ilimhusu anayechukua shamba la mwenzake aliyefurushwa: atengwe barabarani, dukani, sokoni, hata kanisani. Kapteni Boycott, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno “boycott”, kususia, alikuwa wakala wa bwana shamba Lord Erne kule Mayo, na Parnell hakumtaja. Wananchi wenyewe ndio waliolichukua wazo wakalitumia kwake.

4. Kumbukumbu za Bunge zisomeni wenyewe, msinukuu kupitia kitabu cha mtu. Kile kikao cha saa 41 cha mwanzoni mwa 1881, wabunge wa Ayalandi walipokesha wakihutubia ili kuzuia muswada, hakifupishiki kwa sentensi ya “walichelewesha shughuli”.

5. Hapa ndipo penye uchungu, nanyi mnapita mbio. Karibu kila rasimu inasema: alimpenda mke wa mtu, Kanisa Katoliki likamwangusha. Basi.

Chukueni karatasi, pangeni tarehe.

Uhusiano wake na Katharine O'Shea ulianza 1880. Mumewe, Kapteni O'Shea, alikuwa mbunge, na mapema 1886 Parnell aliwalazimisha wenzake wampokee mtu huyo awe mgombea wa Galway. Wabunge wenzake, Biggar na Healy, walipiga kelele, hawakusikilizwa. Anzeni hapo kuhesabu gharama, miaka minne kabla ya talaka, kwa sababu hapo chama kilitumika kulinda siri ya nyumbani.

Halafu ikaja kesi ya barua. Mwaka 1887 gazeti la The Times lilichapa barua iliyomwonyesha Parnell akiridhia mauaji ya maofisa wawili wa serikali katika bustani ya Phoenix Park, Dublin, mwaka 1882. Februari 1889, mbele ya tume ya uchunguzi, Charles Russell, wakili wa Parnell, alimpa karatasi Richard Pigott, mwandishi wa habari aliyeziuza barua hizo, akamwomba aandike maneno kadhaa, mojawapo “hesitancy”. Pigott akaliandika “hesitency”, kosa lile lile lililokuwa katika barua za kughushi. Siku chache baadaye alikimbilia Madrid, akajiua kwa risasi. Parnell aliporudi Bungeni, wabunge wa upinzani walisimama kumshangilia, miongoni mwao Gladstone, kiongozi wa chama cha Liberal cha Uingereza kilichounga mkono utawala wa ndani.

Kwa hiyo O'Shea alipofungua kesi ya talaka mkesha wa Krismasi 1889, akimtaja Parnell kuwa mgoni, watu waliamini ni Pigott mwingine. Parnell alimhakikishia Davitt kwamba atatoka safi. Kisha kesi iliposikilizwa hakujitetea. Mahakama ikasikia upande mmoja, pamoja na mtumishi aliyeeleza jinsi Parnell alivyotoroka kwa ngazi ya kamba. Hukumu ilitoka 17 Novemba 1890. Kumpenda yule mama si jambo la kumhukumia. Kosa lake ni kuwaacha watu waliomwamini waende kumtetea majukwaani wakati yeye anajua kinachokuja. Kila nikifika hapa huumia, maana wengine walikuwa wamekwenda jela kwa ajili ya siasa yake.

Sasa hesabuni siku. Tarehe 20 Novemba Davitt anamtaka gazetini ajiuzulu kwa muda. Siku hiyo hiyo, ukumbi wa Leinster Hall, Dublin, mkutano mkubwa unamuunga mkono, na mmoja wa watetezi wakali jukwaani ni Tim Healy. Tarehe 25 wabunge wa chama wanamchagua tena kuwa mwenyekiti. Jioni hiyo barua ya Gladstone inatangazwa: Parnell akibaki, uongozi wake Gladstone mwenyewe katika chama cha Liberal utakuwa karibu kazi bure. Nyuma yake kulikuwa na Waprotestanti wa Uingereza wasiokubali kumpigia kura rafiki wa mzinzi. Tarehe 29 Parnell anajibu kwa waraka kwa watu wa Ayalandi, akianika mazungumzo ya faragha aliyofanya na Gladstone nyumbani kwake Hawarden. Waraka huo ulichoma daraja. Tarehe 1 Desemba wabunge wa chama wanaanza kikao cha kuamua uongozi wake katika Chumba namba 15, chumba cha kamati Bungeni. Kamati ya maaskofu Wakatoliki wa Ayalandi inamkataa hadharani tarehe 3, mjadala ukiwa umeshapamba moto.

Mmeona? Maaskofu waliongeza uzito, na vijijini uzito huo ulikuwa mkubwa, lakini hawakuwa wa kwanza. Rasimu inayoanza na Kanisa imepindua mpangilio, na kwa kupindua inamsamehe Gladstone, inamsamehe Parnell pia.

Na humo ndani msikose ile ya tarehe 6. John Redmond, mbunge wa upande wa Parnell, alidakia kwamba sasa Gladstone ndiye bwana wa chama. Healy, yule yule wa Leinster Hall, akauliza: “Na bibi wa chama ni nani?” Nusura Parnell ampige. Jioni hiyo wabunge 45 walitoka, Justin McCarthy akiwaongoza. Waliobaki hawakufika 30.

6. Chaguzi ndogo tatu zilizofuata, Kilkenny Kaskazini, Sligo Kaskazini na Carlow, wagombea wake walishindwa zote. Ziandikeni kama chaguzi: nani aliwapigia kura, mapadri walisimama wapi, chokaa alichotupiwa Parnell machoni kule Castlecomer.

7. Msimalizie kwa kifo cha 6 Oktoba 1891 na umati wa makaburi ya Glasnevin, Dublin. Alikufa na miaka 45, miezi michache tu baada ya kumwoa Katharine, na mazishi yake ni kishawishi kikubwa kwa mwandishi mchanga. Chama kilibaki vipande mpaka 1900, kilipoungana chini ya Redmond, aliyekuwa upande wa wachache waliobaki na Parnell. Fuateni hiyo miaka tisa. Rasimu mpya nazitaka zikiwa na jedwali la tarehe ukurasa wa mbele, na tanbihi ya Chumba namba 15 itoke katika taarifa za magazeti ya wiki ile.