Jibu: grafu inayochelewa kufuata kipanya na kuchagua nukta isiyo yake

Ndugu wa Mbarara, swali lako nimelisoma kwa makini, na kwa faida ya wengine nalirudia kwa ufupi. Umeandika programu kwa lugha ya Python, grafu za matplotlib (maktaba ya kuchorea grafu) ndani ya dirisha la Qt (maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe), inayoonyesha usawa wa maji ya Ziwa Victoria katika vituo vya Jinja na Entebbe. Ukiburuta grafu, inachelewa kufuata mkono na inatetemeka. Ukizungusha gurudumu, inaruka. Ukibofya mstari wa Jinja, inakuletea kipimo cha Entebbe. Wenzako wamekushauri utafute kompyuta yenye nguvu zaidi. Usitoe hela yako kwanza.

Ninatunza programu ya aina hiyo hapa Jinja. Watumiaji wangu wana laptopu za mitumba, skrini ya pikseli 1,366 kwa 768, na vipanya vya bei ya sokoni, na kazi inakwenda vizuri. Kasoro zako nyingi naziona zina mizizi miwili: programu inachora kila kipanya kinapotoa taarifa, na inapima kwa vipimo vya data mahali ambapo mtumiaji anapima kwa macho.

Tuanze na kuchelewa. Kipanya cha kawaida cha USB hutoa taarifa hadi mara 125 kwa sekunde, na vile vya wacheza gemu hufika 1,000. Skrini nyingi hubadilika mara 60 tu. Sasa chukua kwamba kuchora grafu yako nzima kunakula milisekunde 80, jambo la kawaida kwa mashine ya zamani. Ukiburuta kwa sekunde 2, taarifa 250 zinaingia kwenye foleni, na ikiwa kila moja inadai mchoro wake, unahitaji sekunde 20 kuimaliza foleni hiyo. Mtu ameshaachia kitufe, lakini grafu bado inatembea yenyewe. Mifumo mingine huunganisha taarifa za mwendo zinazofuatana zikawa moja, mingine haiunganishi, kwa hiyo usiitegemee.

Dawa yake ni kwamba fanksheni inayopokea mwendo wa kipanya isichore kitu. Ihifadhi mahali kishale kilipo, iweke alama kwamba kuna jipya, kisha iondoke. Taima (kipima muda) moja ya milisekunde 16, au 33 kama mashine ni dhaifu, ndiyo iangalie alama hiyo na kuchora mara moja kwa kutumia mahali pa mwisho. Kwenye matplotlib, kuita draw_idle badala ya draw kunakupa sehemu kubwa ya faida hii bure, kwa sababu maombi mengi yanakuwa mchoro mmoja dirisha linapopata nafasi. Angalizo moja: unganisha mwendo tu. Kubonyeza na kuachia kitufe lazima vishughulikiwe kila kimoja na kwa mpangilio wake, na kabla hujashughulikia kuachia, kamilisha kwanza mwendo uliokuwa unasubiri. Bila hivyo grafu itatua pikseli kadhaa kabla ya pale mkono uliposimama, na watu wanaliona hilo hata kama hawawezi kulieleza.

Uzito wa data nao upunguze. Vipimo vya kila dakika 15 kwa miaka 10 ni karibu 350,000. Eneo la grafu lina upana wa pikseli kama 1,000, yaani kila safu ya pikseli inabeba nukta 350 zinazorundikana juu ya nyingine. Wakati wa kuburuta, chukua cha chini kabisa na cha juu kabisa katika kila safu, uchore nukta 2,000, na mstari utaonekana vilevile. Tafadhali usifanye ile njia ya mkato ya kuruka nukta, kuchukua moja kati ya mia. Kilele kinachodumu saa moja tu baada ya mvua kubwa ya Aprili kitapotea, na hicho ndicho watu wa mafuriko wanachofungulia grafu.

Sasa kutetemeka. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewaona vijana wazuri wakihangaika nako na kulaumu kipanya. Katika kipande ulichobandika, unapobonyeza unahifadhi mipaka ya mhimili na event.xdata, yaani mahali kishale kilipo kwa vipimo vya data, hapa siku. Kishale kikisogea, unatoa xdata mpya kwenye ile ya mwanzo, unasogeza mipaka ya mwanzo kwa tofauti hiyo. Inaonekana sahihi. Lakini xdata inahesabiwa kwa mipaka iliyopo sasa, ambayo wewe mwenyewe umeshaisogeza.

Fuata namba hizi. Mhimili ni siku 0 hadi 100, upana pikseli 1,000. Umebonyeza kwenye pikseli ya 500, yaani siku ya 50. Umesogeza hadi pikseli ya 600: xdata ni 60, tofauti ni 10, mipaka inakuwa -10 hadi 90. Vizuri. Kishale kinasogea pikseli moja tu, kipo 601. Kwa mipaka mipya hapo ni siku ya 50.1. Tofauti ni 0.1, mipaka inarudi -0.1 hadi 99.9, na grafu yote inaruka nyuma. Pikseli ya 602 inakupa 60.1, grafu inaruka tena mbele. Huko ndiko kutetemeka kwako.

Kwa hiyo wakati wa kubonyeza, hifadhi mipaka pamoja na ax.transData.inverted(), yaani nakala ya kigeuzi cha pikseli kuwa data. Nakala hiyo haibadiliki hata mipaka ikibadilika baadaye. Kila mwendo ukija, chukua event.x na event.y, ambazo ni pikseli, zipitishe kwenye nakala ile ile, ndipo utoe tofauti. Utetemeko utaisha pale pale. Utapata na faida ya pili: kishale kikitoka nje ya eneo la grafu, xdata huwa None (tupu) na programu yako inakwama katikati ya kuburuta, lakini pikseli zipo siku zote.

Gurudumu. Hatua moja ya gurudumu la kawaida huhesabiwa 120, lakini tachipedi hutuma vipande vidogo vidogo, vingi sana. Wewe unaangalia alama ya jumlisha au toa peke yake, ndiyo maana kidole kikigusa kidogo grafu inakimbia. Gawanya kwa 120 na utumie jibu kama kipeo:

hatua = mzunguko / 120
k = 0.85 ** hatua
kushoto_mpya = x - (x - kushoto) * k
kulia_mpya = x + (kulia - x) * k

Hapo x ni thamani iliyo chini ya kishale. Kwa kanuni hii, kitu mtu anachokitazama kinabaki chini ya kishale wakati vingine vinasambaa kukizunguka, na vipande kumi vya 12 vinakuza sawa kabisa na hatua moja ya 120. Kama mhimili ni wa logi (logariti), geuza x, kushoto na kulia kuwa logi kwanza, fanya hesabu, kisha rudisha. Ukisahau hilo, ukipunguza picha mpaka wa chini utavuka sifuri na grafu itagoma.

Kuhusu Jinja kukuletea Entebbe, hili ndilo linaloniuma zaidi, maana kuchelewa mtu anakuona, lakini kipimo kisicho chake anaweza kukinakili kwenye ripoti bila kujua. Unatafuta nukta ya karibu kwa kuchanganya siku na mita katika umbali mmoja. Grafu ikionyesha miaka 100, hizo ni siku 36,500; juu ya pikseli 1,000, pikseli moja ya mlalo ni siku 36.5. Wima una mita 3 juu ya pikseli 500, pikseli moja ni mita 0.006. Pikseli moja kwenda pembeni inahesabiwa mara 6,000 zaidi ya pikseli moja kwenda juu. Kwa maneno mengine, programu inaangalia tarehe tu na haijali kabisa mtu amebofya mstari upi. Ziwa lilipopanda kwa zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, mistari ya vituo viwili inapanda pamoja, imekaribiana, na mzee wetu anayesoma vipimo anabofya kwa uangalifu kabisa juu ya ule wa Jinja. Anastahili kupewa wa Jinja.

Geuza nukta kuwa pikseli kwa transData.transform, pima umbali huko, na ukubali tu nukta iliyo ndani ya pikseli 8 hivi. Isipopatikana, usichague chochote. Huna haja ya kugeuza nukta zote 350,000: zimepangwa kwa mfuatano wa muda, kwa hiyo tafuta kwa kugawa nusu kwa nusu zile zilizo ndani ya pikseli 8 kushoto na kulia, hizo tu ndizo upime. Kisha mwonyeshe mtumiaji jina la kituo pamoja na namba, kwa rangi ya mstari wake.

Mengine nayapitia haraka. Tenganisha kubofya na kuburuta kwa umbali: Qt huweka pikseli 10 kama mwanzo wa kuburuta, nami nashuka hadi 4 kwa kipanya. Kitufe kilichochakaa hutuma kubonyeza mara mbili kwa kidole kimoja, kwa hiyo kubonyeza kunakofuata kuachia ndani ya milisekunde 40 nakupuuza. Kila mwendo ukija, angalia kama kitufe bado kimeshikwa. Kisiposhikwa, malizia kuburuta, kwa sababu ujumbe wa kuachia unaweza kupotea dirisha jingine likijitokeza juu. Tena, matplotlib haishikilii kwa nguvu mbinu za objekti unazoziunganisha na matukio ya kipanya kwa mpl_connect, yaani haizuii objekti hiyo kufutwa kwenye kumbukumbu. Kama objekti yako haijahifadhiwa mahali, kipanya kitaacha kufanya kazi kimyakimya bila kosa lolote kuandikwa.

Wape watu pia njia ya kurudi. Gnuplot, programu nyingine ya kuchora grafu, imelifanya hili vizuri: herufi p inarudisha mwonekano uliopita, n inasonga mbele, u inaondoa ukuzaji. Orodha ndogo ya mipaka iliyopita inatosha, na mtu anayejua anaweza kurudi hubofya bila hofu.

Kabla hujabadilisha kitu, rekodi matukio ya kipanya kwenye faili: muda, aina, pikseli, kitufe, mzunguko. Kisha andika kipande kinachoyacheza upya. Hapo utaweza kulinganisha toleo la zamani na jipya kwa mkono ule ule, na kupima milisekunde za kila mchoro. Anza na kutetemeka na uchaguzi wa nukta, ni mistari michache tu ya msimbo. Ukikwama, bandika hapa faili hiyo ya matukio pamoja na fanksheni yako ya mwendo, nitaicheza kwenye mashine yangu ya pikseli 1,366.