Maswali ya Wasomaji: Treni Huondoka kwa Saa

SWALI

Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 26, ninaishi Gongo la Mboto na ninafanya kazi katika duka la nguo Kariakoo. Tangu utotoni napenda sinema za treni kuliko sinema nyingine yoyote. Kila jioni, baada ya kugombania daladala na kusimama njia nzima, huoga, hula, kisha hutazama sinema ya treni mpaka usingizi unichukue. Shemeji yangu ananiambia kwamba huu ni utoto, na kwamba mtu anayetaka usafiri bora huhudhuria mikutano badala ya kukesha akitazama treni za wenzetu. Je, mapenzi haya yana faida yoyote? Na mtu wa kawaida kama mimi atatetea vipi usafiri bora wa umma hapa jijini pasipo kumharibia riziki mdogo wangu, ambaye ni konda?

Mpenda Treni, Gongo la Mboto

JIBU

Marahaba, mwanangu. Kuhusu mikutano shemeji yako amesema kweli, lakini kuhusu sinema sikubaliani naye.

Mwaka 1896 ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonesha watu filamu ya treni ikiingia katika stesheni ya mji wa La Ciotat. Filamu yenyewe haifiki dakika moja na haina kisa: kichwa cha treni kinatokea kwa mbali, kinapita kando ya kamera, mabehewa yanasimama, milango inafunguliwa, watu wanashuka na wengine wanapanda. Ni hayo tu, na hadi leo inatazamwa. Waliokuja baadaye wakaongeza majambazi, wapelelezi na wapenzi wanaoagana dirishani, lakini kiini kimebaki kilekile, kwamba treni ina saa yake na saa hiyo haimngoji mtu. Gadi anapuliza filimbi, anainua bendera ya kijani, na yule anayekimbia na sanduku lake ama ataliwahi behewa la mwisho ama atabaki. Mtazamaji hushika roho mkononi kwa sababu anajua kwamba treni itaondoka kweli.

Sasa likumbuke daladala unalopanda alfajiri. Hilo huondoka likijaa. Konda anaita, mpiga debe anagonga bodi, dereva anasogeza gari hatua mbili mbele na kulirudisha hatua mbili nyuma ili waliokwisha kuketi wadhani kwamba safari imeanza, na mama aliyeingia wa kwanza, mwenye mtoto mgongoni, amekaa nusu saa bila kujua atafika kliniki saa ngapi. Abiria huvumilia joto, huvumilia hata kusimama. Kinachomchosha kuliko vyote ni kutojua, kwa maana kutojua huko ndiko kunakomwamsha saa kumi usiku kwa ajili ya kazi inayoanza saa mbili asubuhi. Wewe unayependa sinema za treni umekwisha kuonja, japo kwa macho tu, chombo kinachoheshimu saa, na mtu aliyeonja kitu ndiye anayejua kukidai.

Simlaumu mdogo wako hata kidogo. Yeye anaijua sababu kuliko mimi, nayo inaitwa hesabu. Kila siku dereva na konda humpelekea mwenye gari kiasi walichokubaliana, mafuta yakiwa juu yao, na kinachobaki ndicho riziki yao. Kila kiti kitupu kinatoka mfukoni mwao. Ndiyo maana gari hungoja lijae, kisha hukimbizwa ili kufidia muda uliopotea. Ndiyo maana ruti hukatishwa njiani abiria wanapopungua, na mwanafunzi mwenye nauli ndogo huachwa kituoni na begi lake la daftari. Ukimwondoa konda huyu ukamweka mwingine chini ya hesabu ileile, mambo yote hayo yatarudi kabla ya wiki kwisha.

Kwa hiyo, ukiniuliza tutetee nini, nitasema tutetee gari linaloondoka kwa saa, na ili liondoke kwa saa lazima awepo mtu mwingine, asiye dereva wala konda, anayebeba gharama ya viti vitupu. Katika miji mingi mamlaka ya usafiri humlipa mwenye mabasi kwa kilomita alizotembea na kwa kutunza muda, nauli zikaingia katika mfuko mmoja, na dereva akapata mshahara wake wa mwezi. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza hapa Dar es Salaam Mei 2016, katika njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi yake ya Kariakoo na Morocco, yalituletea sehemu moja ya jambo hilo, yaani barabara isiyoingiliwa na foleni. Lakini barabara ya namna hiyo, iwe ya lami au ya reli, huwa na faida pale tu vyombo vinapokuwa vya kutosha na kufuatana kwa muda unaojulikana. Mtu akikuahidi njia mpya, muulize ni mabasi mangapi, kila baada ya dakika ngapi, na ni nani atakayelipa basi likipita tupu saa nne usiku.

Tena wewe unaishi mahali ambapo jambo jingine linaonekana kwa macho. Kwenu inapita reli ya kati ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, na sasa inapita pia reli ya kisasa iendayo Morogoro na Dodoma. Jiji hilihili lina reli ya tatu, ya TAZARA, iendayo Zambia. Ya kwanza ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA 1,067, na ya kisasa 1,435, kwa hiyo hakuna behewa linaloweza kuhama kutoka moja kwenda nyingine; anayehama ni abiria, kwa miguu yake, na mzigo kichwani. Treni za jijini zilipoanza Oktoba 2012, zile ambazo wananchi waliziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, nazo ziligawanyika katika reli mbili zisizokutana. Hapa ndipo ninapoiona kazi ya mdogo wako. Treni haifiki mlangoni kwa mtu. Panahitajika magari madogo yenye ruti fupi, yanayopangiwa saa kulingana na treni, yakisubiri pale nje ya stesheni mpaka abiria wa mwisho ashuke. Kusubiri kwa namna hiyo nitakuunga mkono siku zote, mradi konda awe na mkataba wa kazi na malipo yasiyotegemea kujaa.

Niongeze jambo moja kuhusu sinema. Unstoppable ya mwaka 2010, ambayo ndani yake yumo Denzel Washington, ilitokana na tukio la Mei 2001 katika jimbo la Ohio, Marekani. Dereva alishuka kwenda kugeuza njia ya reli akidhani ameshika breki, kumbe ameifungulia injini nguvu, na treni ya mabehewa 47 ikaenda peke yake zaidi ya kilomita 100 kwa karibu saa mbili. Iliyoiokoa ni injini nyingine iliyoifuata kwa nyuma, ikajiunganisha nayo na kuipunguza mwendo mpaka mfanyakazi mmoja akaidandia na kuizima, na hakuna aliyekufa. Ukitazama sinema kama hiyo, mtazame fundi na mgeuza njia ya reli kama unavyomtazama shujaa, kisha ukienda mkutanoni uliza habari za karakana, vipuri na mafunzo. Wengi huuliza rangi ya mabehewa tu.

Na mikutanoni uende kweli. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hukusanya maoni ya wadau katika mikutano ya wazi kabla ya kupanga nauli mpya, na lipo pia baraza linalowasemea watumiaji wa usafiri huo. Wamiliki huja na takwimu za mafuta na matairi, ilhali abiria wengi huja na hasira, ambayo ni ya haki lakini haiandikiki katika jedwali. Nunua daftari dogo, na kwa mwezi mmoja andika saa uliyofika kituoni, saa gari lilipoondoka, saa uliyoshuka, na kama ruti ilikatishwa. Waombe majirani watano waandike vivyo hivyo. Nenda na daftari hizo pamoja na mdogo wako, aeleze hesabu inavyofanya kazi, na shemeji yako mwalike akae kando yenu.

SWALI

Mhariri, wanangu wameona treni kwenye televisheni tu, nao wananisihi niwapandishe. Je, inafaa kutumia fedha kwa matembezi ya namna hiyo?

Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU

Inafaa sana, mama. Treni ya umeme imekuwa ikibeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tangu tarehe 14 Juni 2024, na safari huchukua takriban saa mbili. Kateni tiketi siku chache kabla, na siku ya safari fikeni stesheni mapema kuliko mlivyozoea kufika stendi ya mabasi. Mpe mkubwa wao saa na karatasi, aandike dakika ya kuondoka na dakika ya kupita Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu. Mkirudi, aandike hivyo hivyo kwa gari litakalowatoa stesheni hadi nyumbani, kisha nitumieni karatasi zote mbili. Nitazichapisha hapa, moja kando ya nyingine.