Helikopta isiyo na rubani iliyowinda nyambizi

SWALI: Nimesoma kwamba Jeshi la Wanamaji la Marekani lilikuwa na helikopta zisizo na rubani tangu miaka ya 1960. Je, zilifanya kazi gani, na kwa nini ziliachwa?

JIBU: Ulilosoma ni kweli. Helikopta hiyo ni QH-50, iliyojulikana zaidi kwa jina la DASH, na ilitengenezwa na kampuni ya Gyrodyne ya Long Island, New York. Sona mpya za wakati ule, yaani vifaa vya kutambua vitu chini ya maji kwa sauti, ziliweza kuigundua nyambizi ikiwa mbali kuliko silaha za manowari zilivyoweza kufika, na manowari za aina ya destroya zilizosalia kutoka Vita vya Pili vya Dunia zilikuwa na sitaha finyu mno kwa helikopta ya kawaida. DASH ilitoshea humo kwa kuwa rafadha zake mbili zilikaa moja juu ya nyingine na kuzunguka kinyume, hivyo haikuhitaji mkia mrefu wenye rafadha ya pembeni.

Yenyewe haikuona wala kusikia chochote. Mwongozaji aliyesimama sitahani aliirusha, kisha akamwachia mwenzake aliyekuwa ndani, mbele ya skrini ya rada, naye akaipeleka hadi juu ya mahali palipoonyeshwa na sona, akaiamuru iangushe torpedo, bomu linalojiendesha chini ya maji, kisha akairejesha melini.

Udhaifu wake mkubwa, kwa maoni yangu, ulikuwa hapa: amri zilikwenda, lakini chombo hakikurudisha habari yoyote juu ya hali yake, na mitambo yake ya kielektroniki haikuwa na ya akiba, kiasi kwamba kifaa kimoja kikiharibika, helikopta nzima huishia baharini. Zilitengenezwa zaidi ya 700, na zaidi ya nusu zikapotea. Waziri wa Ulinzi wakati huo, Robert McNamara, alikuwa akibana matumizi kwa sababu ya vita vya Vietnam, na mradi haukuvuka mwisho wa miaka ya 1960 ukiwa silaha dhidi ya nyambizi. Vietnam kwenyewe baadhi ya DASH zilifungwa kamera za televisheni ili kuonyesha makombora ya mizinga ya manowari yanaangukia wapi, kazi ambayo leo tungeitambua mara moja kuwa ya droni.

Japani nayo ilizinunua, ikazirusha hadi mwaka 1977, na hasara yake ilikuwa ndogo kuliko ya Wamarekani.