Jibu: Mnada wa ushindani kwenye briji, na namna ya kutazama fainali mtandaoni ukatoka na kitu

Mkuu, umeuliza mawili. Kwanza, kwa nini wewe na mwenzako mnasukumwa kila wapinzani wanapoingilia mnada (ule wa kutaja madau kabla karata hazijachezwa), ilhali mkihesabu pointi zenu mnaona hamkukosea. Pili, kwa nini kwenye matangazo ya fainali unamwona bingwa mwenye pointi 5 akiruka hadi 4 shupaza (ahadi ya kula mizunguko 10 kati ya 13, shupaza zikiwa turufu), anapigwa dabo (wapinzani wanapandisha alama za mkataba huo), anapungukiwa na mizunguko miwili, halafu wachambuzi wanamsifu. Ukilielewa hilo la pili, la kwanza limekwisha. Pande zote mbili zikishaingia mnadani, pointi za ree na kingi hushuka thamani. Kinachoamua ni idadi ya turufu, na nani yuko hatarini (kila bodi, yaani kila mgawo wa karata, hupanga upande gani uko hatarini, ambako alama za gemu na za kuanguka ni kubwa zaidi, na upande gani uko salama).

Tuchukue karata ya namna hiyo. Magharibi kafungua 1 kopa, mwenzako Kaskazini kaingia na 1 shupaza, Mashariki kapandisha hadi 2 kopa. Wewe Kusini umeshika (A ni ree, K ni kingi, Q na J ndizo zinazofuata chini yake):

Shupaza K 9 7 3
Kopa 8
Uru Q 10 6 5 2
Pau 8 6 4

Wengi hapa hupita, au husema 2 shupaza kwa kunong'ona. Sasa hesabu turufu. Mwenzako ana shupaza angalau 5, wewe 4, jumla 9. Kopa unayo moja. Tukimpa mwenzako 3, wapinzani wamebaki na 9. Kuna kanuni ya jumla ya mizunguko, iliyoandikwa na Mfaransa Jean-René Vernes miaka ya 1960 na kuenezwa na Mmarekani Larry Cohen miaka ya 1990: mizunguko ambayo nyie mngekula kwa turufu yenu bora, ukijumlisha na ile ambayo wao wangekula kwa turufu yao bora, hukaribiana sana na jumla ya turufu za pande zote mbili. Hapa ni 9 na 9, yaani 18. Hujui zimegawanyikaje, lakini unajua kwamba wakila 10 nyie mnakula 8, na wakila 9 nyie mnakula 9.

Sasa tia hesabu ya alama. Tuseme nyie mko salama na wao wako hatarini. Kama 4 kopa inatimia, wanapata 620. Wewe ukiwa umesema 4 shupaza ukapigwa dabo na kupungukiwa na miwili, umetoa 300. Umeokoa 320, ambazo kwenye timu ni impu 8 (impu ni alama za mashindano ya timu, zinazopimwa kwa tofauti ya matokeo kwenye bodi). Kama mgawanyo ni 9 kwa 9, 4 kopa ingeanguka, kwa hiyo umefanya kafara hewa, yaani umekubali kuanguka ili kuzuia mkataba ambao usingetimia: umetoa 100 badala ya kuchukua 100. Hasara ni 200, impu 5. Na kama ni 8 kwa 10 upande wenu, 4 shupaza imetimia na hakuna aliyejua mnadani kwamba mkataba ni wenu. Unahatarisha 5 ili upate 8, na juu yake kuna ushindi wa bahati. Ndiyo maana bingwa yule aliruka.

Badilisha hatari tu, karata usiziguse. Pande zote mkiwa hatarini, kuanguka kwa miwili ukiwa na dabo ni 500 dhidi ya 620, faida ya impu 3. Kafara hewa ni 200 mlizotoa na 100 mlizokosa, hasara ya impu 7. Hilo ni dau baya. Wote mkiwa salama, ni faida ya 3 dhidi ya hasara ya 4, karibu sawasawa. Nyie mkiwa hatarini na wao salama, hata kafara ikifanikiwa unatoa 500 kuzuia 420. Hapo sema 3 shupaza uishie hapo. Karata 13 zilezile, majibu mawili tofauti, na hakuna pointi hata moja iliyobadilika. Mchezaji asiyeangalia rangi ya bodi, inayoonyesha nani yuko hatarini, kabla ya kufungua mdomo anacheza mchezo mwingine kabisa.

Kanuni hii ina mianya yake. Q J kwenye aina ya wapinzani hupunguza jumla: zinaweza kula mzunguko mkilinda, lakini mkicheza nyie ni takataka. Kinyume chake, mkielewana kwenye aina mbili, tuseme shupaza 9 na uru 9, jumla hupanda kwa mzunguko mmoja au zaidi. Kwa karata za hapo juu, K ya turufu ni nzuri popote, kopa ni moja, na hakuna kitu kilichopotea upande wa wapinzani. Ungekuwa na K ya kopa badala ya K ya shupaza, ningesita hata nikiwa salama.

Jambo la pili linalowaangusha jozi nyingi ni kupanda ngazi moja moja. Unasema 2 shupaza, wanasema 3 kopa, unasema 3 shupaza, wanasema 4 kopa, ndipo unasema 4 shupaza. Umefika palepale, ila njiani umewapa nafasi ya kuambizana kila kitu, na sasa wanajua wapige dabo au waende 5. Ukiruka 4 shupaza mara moja, Magharibi mwenye pointi 18 anabaki kubahatisha peke yake. Amua kikomo chako, kifike kwa dau moja, halafu nyamaza. Mnada wa wapinzani ukiendelea, uamuzi ni wa mwenzako. Wewe karata zako umeshazieleza. Anayesema 4 leo na 5 kesho kwenye mnada huohuo ndiye hulipa 800.

Mambo yanageuka kama nguvu ni yenu. Mmefika gemu (mkataba wa zawadi kubwa, kama 4 kopa au 4 shupaza) kwa pointi halali, wao wanajitoa kafara juu yenu. Hapo kupita hakumaanishi "nimemaliza". Kunamwambia mwenzako achague: apige dabo au apande. Jozi lazima zikubaliane mapema lini kupita kuna maana hiyo, la sivyo siku moja kafara ya wapinzani itachezwa bila dabo kwa 50 kila mzunguko huku gemu yenu ya 620 imepeperuka. Vivyo hivyo dabo: kubalianeni ni hadi dau gani dabo inamwomba mwenzako aseme, na kuanzia wapi ni ya adhabu. Wengi huweka mpaka kwenye 4 kopa, wengine 3 shupaza. Mpaka wowote unafaa mradi mmoja asidhani hivi na mwingine vile.

Na mkishapiga dabo kafara, walinzi wenye nguvu waanze na turufu. Wapinzani hawana pointi; mizunguko yao inatokana na kukata kwa turufu upande mfupi. Kila turufu mnayotoa mapema ni mkato mmoja uliopungua. Anayekimbilia ree yake kwa uchu ndiye anayeandika 300 pale palipostahili 500.

Kabla hujaiga kitu chochote ulichokiona, tazama ni mashindano ya aina gani. Kwenye timu, gemu ukiwa hatarini inalipa hata nafasi ikiwa chini ya nusu: 620 dhidi ya 170 ni impu 10 ukifanikiwa, na 100 mliyotoa dhidi ya 140 mliyoacha ni impu 6 ukishindwa. Asilimia 38 inatosha. Ukiwa salama ni 6 dhidi ya 5, kwa hiyo unahitaji karibu asilimia 45. Kwenye mashindano ya jozi hesabu hiyo haipo, kwa sababu kila bodi ina uzito uleule hata ukizidiwa kwa alama 10. Huko ndiko utawaona watu wakigombania mikataba midogo kama mahakamani. Wapinzani wakitulia kwenye 2 kopa wakiwa wameelewana, usiwaache; wasukume hadi 3. Lakini jihadhari na 200. Kuanguka kwa miwili ukiwa hatarini, au kwa mmoja ukiwa na dabo, hukuweka chini ya kila jozi iliyowaachia 110 au 140.

Kwenye uchezaji, faida kubwa ya mnada wa ushindani ni kwamba wapinzani wamekwambia karata zao. Mfano mmoja tu. Magharibi kafungua 3 kopa, akionyesha kopa 7. Wewe Kusini unacheza 4 shupaza, una A J na shupaza nyingine tatu mkononi, mezani (mkono wa mwenzako uliolazwa wazi) kuna K na ndogo tatu. Kopa mnazo 4 kati yenu, kwa hiyo Mashariki ana 2. Unacheza K kutoka mezani, wote wanafuata kwa ndogo. Unatoa ndogo mezani, Mashariki anafuata kwa ndogo tena. Imebaki Q peke yake. A au J?

Bila habari yoyote, A ina ubora mdogo: Magharibi ana nafasi 12 ambazo hujazijua, Mashariki 11, kwa hiyo Q iko Magharibi kwa asilimia 52. Hii ndiyo asili ya ule msemo kwamba ukiwa na turufu tisa usifanye finesi (kuweka karata ya chini, kama J hapa, ukitumaini kubwa iko kwa aliyecheza kabla yako). Lakini hapa una habari. Magharibi ana kopa 7 na shupaza 1 zinazojulikana, nafasi zimebaki 5. Mashariki ana kopa 2 na shupaza 2, nafasi zimebaki 9. Q iko Mashariki kwa 9 dhidi ya 5, asilimia 64. Weka J. Anayeng'ang'ania msemo anatupa mkataba aliozawadiwa mnadani.

Sasa kutazama. Kosa la wengi ni kufungua vugrafu (matangazo ya mechi) ya tovuti ya Bridge Base Online wakaona karata zote 52, wakawa mabingwa papo hapo. Hujifunzi kitu hivyo. Chagua mchezaji mmoja, ziba mikono mitatu iliyobaki, hata kwa kipande cha karatasi kwenye skrini, kisha kabla ya kila dau lake sema wewe ungesema nini. Usibadilishe jibu baadaye. Mwendo wa matangazo ni wa polepole, una muda wa kutosha. Kama mechi imeshapita ni rahisi zaidi: fungua bodi kwenye kisoma bodi na upige hatua moja moja.

Timu huchezwa vyumba viwili, cha wazi na cha kufungwa, bodi zilezile. Timu inayokaa Kaskazini na Kusini kwenye kimoja hukaa Mashariki na Magharibi kwenye kingine. Ukiona 620 chumba kimoja na 300 kwa dabo chumba cha pili, ndiyo ile tofauti ya 320 na impu 8 zake. Bodi ambazo vyumba vyote vimetoa matokeo sawa zipitie haraka. Simama kwenye zilizozaa impu 10 na kuendelea, utafute ni dau gani la kwanza ambapo vyumba viliachana. Mara nyingi si lile la mwisho lenye kelele. Ni mtu mmoja aliyefungua na mwenzake wa chumba cha pili akapita.

Kitufe cha kompyuta kinachoonyesha kila karata ingezaa nini kitumie mwisho kabisa, na kwa tahadhari. Kompyuta inaona mikono yote minne, kwa hiyo itacheza A kuangusha K iliyo peke yake badala ya kufanya finesi, na kukwambia mkataba ulikuwa unatimia. Haijui lolote kuhusu asilimia. Ikisema mchezaji kakosea, jiulize kama binadamu mwenye mikono miwili tu machoni angeweza kujua.

Mengine madogo. Karata huingizwa na mtu aliyekaa mezani na kompyuta, na hukosea. Ukiona ndogo ya ajabu kwenye mzunguko wa tatu, subiri irekebishwe kabla hujaanza kuisifu kama ishara. Maelezo ya madau ya kimapatano mara nyingi hayaandikwi, kwa hiyo 2 uru inayoonekana wazimu huenda ina maana tofauti kabisa. Tafuta kadi ya mapatano ya jozi hiyo. Mashindano yanayochezwa mtandaoni moja kwa moja mara nyingi huchelewesha matangazo makusudi ili mtazamaji asimpenyezee mchezaji habari, basi usilalamike kwamba matokeo yametoka kabla ya picha. Kwa kuanzia, tafuta Bermuda Bowl, ambayo ipo tangu 1950, au Vanderbilt na Spingold za Marekani. Zote ni za timu, na raundi zake za mwisho ni za mtoano, kwa hiyo hesabu za impu nilizoweka hapo juu zinafanya kazi bila kubadilisha chochote. Chukua sehemu moja, andika namba ya bodi, nani yuko hatarini, dau lako na dau lao. Safu hiyo ya hatari usiiruke hata kama inachosha. Na ukikutana na bodi ambayo vyumba viwili vimeachana kwenye dau la nne la shupaza, ilete hapa na mikono yote tuihesabu.